Volta, mzee aliyezipa metali vyeo

Mtu akisimama Kinoo, kando ya barabara kuu itokayo Nairobi kwenda Naivasha, na kutupa macho upande wowote, hakosi kuona mabati. Ingawa magorofa yameongezeka siku hizi, vibanda vya mboga, gereji, makanisa na nyumba nyingi za kupanga bado zimeezekwa kwa bati. Na ndani ya nyumba hizo mna tochi, redio, saa na simu, kila kimoja na betri yake, au mawe kama wengi wetu tulivyozoea kuyaita. Wachache ndio wajuao kwamba vitu hivi viwili, bati la juu ya nyumba na jiwe la redio, vimebeba majina ya mabwana wawili waliobishana huko Italia zaidi ya miaka mia mbili iliyopita.

Mmoja wao alikuwa Luigi Galvani wa mji wa Bologna. Bati la chuma lililopakwa zinki, Waingereza huliita kwa neno linalotokana na jina lake. Wa pili alikuwa Alessandro Volta wa mji wa Como. Jina la huyu limepigwa chapa juu ya kila betri: volti moja na nusu, volti tisa, volti kumi na mbili.

Maisha ya huyu Volta ndiyo tunayoyasimulia hapa, na hasa kwa ajili ya vijana wanaosoma kemia, ambao hukutana na jedwali la potenshali za elektrodi na kulikariri kama kasuku bila kujua lilitoka wapi. Jedwali hilo lina asili yake, na aliyelianzisha alikuwa mwanadamu kama sisi, mwenye bahati yake, busara yake na kosa lake.

Mtoto aliyechelewa kusema

Volta alizaliwa tarehe 18 Februari mwaka wa 1745 mjini Como, kando ya ziwa, kaskazini mwa Italia. Wakati ule Italia haikuwa nchi moja. Ilikuwa imegawanyika vipande vipande, na sehemu ile ya Lombardia ilitawaliwa na Austria. Wazee wake walikuwa watu wa ukoo wa heshima lakini mali ilikuwa imepungua. Inasimuliwa kwamba hakutamka neno hata alipotimiza miaka minne, na jamaa zake walidhani ni bubu au punguani.

Baba yake alifariki Volta akiwa bado mtoto mdogo, akalelewa chini ya uangalizi wa ami zake waliokuwa watu wa kanisa. Alisomeshwa na mapadre Wajesuti, nao kwa kuona akili yake walitaka awe mmoja wao. Jamaa zake wakakataa. Wao walitaka asomee sheria apate kuinua ukoo. Kijana mwenyewe hakutaka joho la padre wala la wakili. Moyo wake ulikuwa katika umeme, ambao siku hizo ulikuwa jambo geni la kuchezewa kwa kusugua vioo na nta. Alipokuwa na umri wa miaka kumi na minane hivi, tayari alikuwa akiandikiana barua na wataalamu wakubwa wa Paris na Turin. Chuo kikuu hakukipitia, alijisomea mwenyewe.

Mwaka wa 1775 alitengeneza chombo cha kutoa umeme tena na tena baada ya kusuguliwa mara moja tu, na sifa zake zikaenea. Mwaka uliofuata, akiwa ndani ya mashua huko Angera kwenye Ziwa Maggiore, alichokoa matope kwa fimbo akaona mapovu yakipanda juu ya maji. Akayakusanya katika chupa, akayawasha moto, yakawaka. Ilikuwa gesi ya methani, ile ile wanayoipikia leo wafugaji wenye mitambo ya biogesi ya samadi. Mwaka wa 1778 aliteuliwa kuwa profesa wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Pavia, kazi aliyoishika kwa miaka mingi sana.

Chura wa Bologna

Kwa muda ule Luigi Galvani, daktari mpole na mcha Mungu aliyezaliwa mwaka wa 1737, alikuwa akipasua vyura huko Bologna ili kuchunguza mishipa yao. Siku moja mguu wa chura aliyekufa uliruka ulipoguswa kwa kisu, karibu na mashine iliyokuwa ikitoa cheche. Galvani hakulipuuza jambo hilo. Aliendelea kulichunguza kwa miaka mingi. Mnamo mwaka wa 1786 aliona la ajabu zaidi: miguu ya vyura iliyotundikwa kwa kulabu za shaba iliruka ilipogusa fito za chuma, bila ya mashine wala radi.

Katika kitabu chake cha mwaka wa 1791 Galvani alisema kwamba umeme ule ulikuwa ndani ya mnyama mwenyewe, na kwamba metali zilikuwa njia tu ya kuupitisha. Ulaya nzima ikapigwa na butwaa. Madaktari walianza kutumaini kwamba siri ya uhai imefumbuliwa, na vyura wakaadimika.

Volta naye akapasua vyura wake. Mwanzoni alikubali, hata akamsifu mwenzake. Lakini alikuwa mtu wa kupima, si wa kushangilia, na jambo moja likamsumbua. Mguu uliruka sana pale zilipotumika metali mbili za aina mbalimbali. Metali ilipokuwa moja, aghalabu uliruka kidogo au haukuruka kabisa. Kama umeme ni wa chura, mbona aina ya metali iwe na maana?

Akamwacha chura, akatumia ulimi wake mwenyewe. Aliweka kipande cha bati laini kwenye ncha ya ulimi na sarafu ya fedha nyuma yake, kisha akavigusanisha. Ladha ya uchachu ikamjaa kinywani, nayo ikadumu muda wote metali zilipogusana. Hapo Volta akaamini kwamba chura hakuwa chanzo cha umeme. Alikuwa kama mshale wa saa tu, wa kuonyesha kwamba umeme unapita. Chanzo, kwa maoni yake, kilikuwa zile metali mbili.

Metali zapangwa safu

Hapa ndipo Volta alipofanya kazi ambayo mwanafunzi wa leo anaila matunda yake. Alizijaribu metali mbili mbili, akazipanga kwa safu kufuatana na nguvu ya athari zao. Zinki ilikaa mwisho mmoja. Zikafuata risasi, bati, chuma, shaba na fedha, na makaa ya grafaiti yakakaa upande wa pili. Aligundua kwamba metali zilizo jirani katika safu hutoa umeme kidogo, na zilizo mbalimbali hutoa mwingi. Tena akaona kanuni: tofauti iliyopo kati ya zinki na shaba, ukiijumlisha na ile iliyopo kati ya shaba na fedha, hupata sawasawa tofauti ya zinki na fedha.

Mwanafunzi aifungue ile orodha yake ya potenshali aone. Zinki imeandikwa volti 0.76 hasi, shaba volti 0.34 chanya, na fedha volti 0.80 chanya. Kutoka zinki hadi shaba ni volti 1.10. Kutoka shaba hadi fedha ni volti 0.46. Jumla yake ni 1.56, na ndiyo hasa tofauti ya zinki na fedha. Volta hakuwa na mita ya kusoma tarakimu hizi, na safu yake hailingani na ya leo katika kila nafasi, lakini mwendo wake ni ule ule.

Na jambo kubwa kuliko yote limo humo. Hakuna metali iliyo na volti peke yake. Volti ni tofauti baina ya wawili, kama vile mtu hawezi kuitwa mrefu mpaka asimame na mwenzake. Ndiyo maana wataalamu wa baadaye walilazimika kuchagua mmoja wa kuwapimia wote, wakachagua haidrojeni na kuipa sifuri. Anayesema kwamba zinki ni 0.76 hasi anasema tu kwamba imekaa chini ya haidrojeni kwa kiasi hicho.

Galvani hakunyamaza. Mwaka wa 1794 ilionyeshwa kwamba mguu wa chura huruka hata pasipo metali, mshipa wa neva ukigusishwa tu na msuli. Wasomi wa Ulaya wakagawanyika, huku wa Galvani, huku wa Volta. Kila mmoja alipojibiwa alirudi chumbani kwake kutafuta ushahidi ulio bora zaidi. Kwa Kiswahili jiwe la kunolea kisu huitwa kinoo, na kwa hakika Galvani alikuwa kinoo cha Volta. Bila yake, makali yale yasingepatikana.

Kiapo

Mnamo mwaka wa 1796 majeshi ya Wafaransa, yakiongozwa na jenerali kijana Napoleon Bonaparte, yaliingia Italia ya kaskazini na kuwafukuza Waaustria. Mwaka uliofuata Napoleon alianzisha huko Jamhuri ya Cisalpina, na walimu wa vyuo wakatakiwa kuapa kuitii serikali mpya.

Galvani alikataa. Dini yake na dhamiri yake hazikumruhusu. Mwaka wa 1798 akanyang'anywa kazi aliyoitumikia maisha yake yote, na pamoja nayo mshahara. Alikuwa mjane tayari. Akaenda kuishi katika nyumba ya ndugu yake, mnyonge na mgonjwa. Marafiki zake walimtetea mpaka serikali ikalegea, lakini msamaha ulichelewa. Alifariki tarehe 4 Desemba mwaka huo wa 1798, na hakupata kuuona ule mnara wa metali uliomaliza ubishi.

Volta alikuwa mtu wa namna nyingine. Mwaka wa 1796 alikuwa miongoni mwa wajumbe wa Como waliokwenda kumlaki Napoleon. Waaustria waliporudi mwaka wa 1799, chuo cha Pavia kilifungwa, naye akarejea kwao Como. Wafaransa waliposhinda tena mwaka wa 1800, alirudi kazini. Alikuwa na mke, Teresa Peregrini, aliyemwoa mwaka wa 1794 akiwa na umri wa karibu miaka hamsini, na watoto watatu wa kiume. Wapo waliomwona kigeugeu. Wapo wanaosema kwamba alikuwa baba wa familia aliyejua kwamba watawala hupita na metali hubaki. Msomaji ataamua mwenyewe. Lakini haifai kulisimulia fanikio la mmoja bila kuutaja msiba wa mwenzake.

Mnara wa sahani

Katika wakati ule wa kukosa kazi ndipo Volta alipofanya jambo lililobadilisha ulimwengu. Alichukua sahani ndogo za fedha na za zinki, ukubwa wa sarafu. Akaweka ya fedha chini, ya zinki juu yake, kisha kipande cha karatasi nzito kilicholoweshwa maji ya chumvi. Juu yake tena fedha, zinki na karatasi, na kuendelea hivyo mpaka jozi thelathini, arobaini, hata sitini, kama mtu anayepanga chapati. Alipogusa sahani ya chini kwa mkono mmoja na ya juu kwa mkono wa pili, alipigwa na mshtuko. Akagusa tena, akapigwa tena.

Vyombo vya umeme vya zamani vilitoa cheche moja na kunyamaza. Mnara huu ulitoa umeme mfululizo, kama maji ya mto. Volta aliufananisha na samaki wa baharini wa jamii ya taa ambaye humtia mtu ganzi akimgusa.

Tarehe 20 Machi mwaka wa 1800 aliandika barua kutoka Como, kwa Kifaransa, kwenda kwa Joseph Banks, rais wa Royal Society ya London. Ufaransa na Uingereza zilikuwa vitani, na barua ilifika kwa vipande. Kabla hata haijasomwa hadharani mwezi wa Juni, Waingereza wawili, Nicholson na Carlisle, walikwisha kuunda mnara wao. Mwanzoni mwa Mei walitumbukiza nyaya zake majini na kuona maji yakigawanyika kuwa haidrojeni na oksijeni. Mwaka wa 1807 Humphry Davy alitumia betri kubwa akatoa potasiamu, na siku chache baadaye sodiamu, metali ambazo hakuna jicho la mwanadamu lililokuwa limeziona zikiwa peke yake.

Volta aliitwa Paris mwaka wa 1801. Napoleon mwenyewe alihudhuria maonyesho yake, akaamuru apewe nishani ya dhahabu. Baadaye alimfanya seneta, na mwaka wa 1810 akampa cheo cha ukabaila.

Kosa la mzee

Lakini Volta alikosea jambo moja kubwa, na alikufa nalo. Alishika kwamba kugusana kwa metali ndiko kunakozaa umeme, na kwamba maji ya chumvi ni barabara tu ya kuupitishia. Kwa maoni yake mnara ungeweza kutoa umeme milele bila kupungukiwa na kitu.

Mtoto yeyote aliyewahi kufungua redio yenye mawe yaliyochoka anajua kwamba sivyo. Mawe huanikwa juani yakapata nguvu kidogo, kisha hufa kabisa, na mwishowe huvuja na kuharibu redio. Huvuja kwa sababu kopo lake ni la zinki, na zinki hiyo imelika. Ndivyo yalivyokuwa yale yaliyotengenezwa katika kiwanda cha Eveready mjini Nakuru mpaka kilipofungwa mwaka wa 2014: kopo la zinki, kijiti cha kaboni katikati, na unga wenye dawa kati yao. Umeme haupatikani bure. Kuna kinacholiwa.

Ukweli huo ulithibitishwa na wengine. John Daniell wa London alibuni mwaka wa 1836 seli ambayo kila mwanafunzi huichora daftarini. Zinki hukaa upande mmoja, shaba hukaa ndani ya salfeti ya shaba upande wa pili, na katikati kuna kizuizi kinachopitisha ioni; Daniell alianza kwa kutumia koo la ng'ombe. Zinki huachilia elektroni zake na kuyeyuka ikawa ioni. Elektroni hupita wayani zikifanya kazi njiani. Upande wa pili ioni za shaba huzipokea na kugeuka kuwa shaba halisi. Zinki hupungua, shaba hunenepa, na mita husoma volti 1.10. Michael Faraday alikuwa amekwisha kuonyesha kwamba kiasi cha umeme hulingana na kiasi cha metali iliyobadilika. Mwaka wa 1889 Mjerumani Walther Nernst akatoa hesabu ya kuonyesha jinsi volti zinavyopanda na kushuka kufuatana na wingi wa ioni katika maji.

Kijana asiye na maabara anaweza kujionea. Achukue ndimu, achome ndani yake msumari wa mabati uliopakwa zinki na kipande cha waya wa shaba, visigusane. Mita itaonyesha karibu volti moja. Ila ajue kwamba ndimu haina ioni za shaba. Kwenye waya ule asidi ndiyo inayozipokea elektroni na kutoa haidrojeni. Shaba imesimama tu kama mlango.

Safu ya Volta iko hata juu ya vichwa vyetu. Bati la nyumba tunaliita bati, lakini la tangu zamani ni chuma kilichopakwa zinki. Likikwaruzwa, unyevu wa mvua huwa ndio maji ya chumvi ya Volta, na seli ndogo huanza kazi. Zinki iko kwenye 0.76 hasi na chuma kwenye 0.44 hasi, kwa hiyo zinki hutangulia kulika na chuma hupona. Mkebe wa chakula ni kinyume chake. Huo umepakwa bati la kweli, lililo kwenye 0.14 hasi, juu ya chuma. Ukikwaruzwa, chuma ndicho kinachotangulia kuliwa, nao hupata kutu upesi. Mwenye kujua tarakimu hizo tatu anajua kwa nini paa hudumu kuliko mkebe uliotupwa uani.

Jina lililobaki

Waaustria walirudi tena mwaka wa 1814. Mwaka huo huo Volta alifiwa na mwanawe Flaminio. Mfalme mpya hakumfukuza. Mwaka wa 1815 alimpa madaraka katika Chuo Kikuu cha Padua. Mwaka wa 1819 mzee akastaafu na kwenda kukaa Camnago, karibu na Como, mbali na mabishano. Wengine walikuwa wakiendelea mbio na uvumbuzi wake. Yeye hakutaka tena kushindana. Alifariki tarehe 5 Machi mwaka wa 1827, akiwa na umri wa miaka 82, siku ile ile aliyofariki Laplace, mwanahesabu mkuu wa Ufaransa.

Mwaka wa 1881 wataalamu wa umeme waliokutana Paris waliafikiana kwamba kipimo cha msukumo wa umeme kiitwe volti. Mwaka wa 1899 mji wa Como ulifanya maonyesho makubwa ya kuadhimisha miaka mia ya mnara wake. Moto ukazuka, na vyombo vingi alivyovishika kwa mikono yake vikateketea. Waliobaki wakaunda vingine kwa kufuata maandishi yake, maana alikuwa ameandika kila kitu: sahani ngapi, za metali gani, na ipi ianze.